Karatasi za Chini ya Meza

Aliyenifundisha kuvaa sweta Mombasa ni Mwalimu. Nilipoanza kazi kwenye kampuni ya maghala kule Changamwe, katikati ya miaka ya themanini, nilikwenda na gauni langu la kitambaa chepesi nikidhani ofisi ni ofisi tu. Kumbe chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi ya kuuma mifupa, maana ile mashine, kubwa kama kabati la nguo, ilikuwa haivumilii joto. Mwalimu alikuwa na sweta la kahawia lililotoboka viwiko. Alilivaa mlangoni akiingia na kulivua mlangoni akitoka, nje jua la saa saba linawaka. Aliniangalia natetemeka, akanielekeza kwenye mitumba ya sweta, akarudi kwenye kazi yake.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha hesabu kabla ya kampuni kumpeleka kusomea kompyuta. Meneja alimwita hivyo, mlinzi wa getini alimwita hivyo, na madereva wa malori pia. Kwenye barua yake ya kazi alikuwa mwandishi wa programu, lakini hilo hakuna aliyelielewa. Mkewe aliniambia kwamba watu wakimuuliza mumewe hufanya kazi gani, yeye huwajibu yuko bandarini, yakaisha. Mwalimu alikuwa mtu wa Kisauni, kama mimi, na habari za ukoo wake wanazijua wenyewe.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupiga chapa. Kila mzigo ulioingia, iwe chai, mbolea au marobota ya nguo, uliandikwa kwenye fomu, nami nikaingiza fomu hizo kwenye mashine tangu asubuhi hadi jioni. Programu ya Mwalimu ndiyo iliyosema mzigo upi uende godauni gani na upi uko wapi. Aliiandika peke yake kwa miaka miwili, na aliichukia na kuipenda kama mtu anavyompenda ndugu mlevi.

Chuki yake nilikuwa naisikia kila siku. Lugha aliyoandikia, Kobol, ilitaka nukta mwisho wa kila sentensi. Ukisahau nukta moja, mashine ilikaa kimya kwanza, kisha ikatoa makosa mia mbili, na hakuna hata moja lililokuambia ni nukta. Niliwahi kumwona akitafuta nukta kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, rula mkononi, akishuka mstari kwa mstari. Alipoipata hakufurahi. Aliiweka, akasubiri mashine itafune, ikakubali, akakaa kitini mikono imelala mapajani.

"Imekubali," alisema, "lakini siiamini."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Ukimuuliza ripoti iko tayari, atakwambia imekubali lakini haiamini. Nikaja kulichukua hata nyumbani. Mchuzi ukiiva mapema nawaambia watoto umekubali lakini siuamini.

Halafu stima. Changamwe ya siku zile stima ilikuwa ikikatika bila salamu, na ikirudi inarudi kwa kishindo. Ikikatika, Mwalimu hakupiga kelele wala hakulaumu mtu. Alivua sweta, akalikunja, akatoka nje kukaa kwenye ngazi, akasubiri. Tulijua kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Alipoona nimenuna aliniambia nimhurumie yeye, kwani mimi nitapiga tena nilichokiona kwenye fomu, naye hana fomu, alikuwa anakitoa kichwani.

Na kile chumba kilikuwa na wageni! Mchana wa Ramadhani watu wa godauni walikuja kulala kwenye sakafu yake ya baridi, mmoja mmoja, na Mwalimu aliwaruka kwa adabu akienda kwenye printa. Siku moja karani wa forodhani aliacha mfuko wa samaki wa kingfishi nyuma ya mashine ili wasioze hadi jioni, akasahau, ikaingia Jumamosi na Jumapili. Jumatatu Mwalimu alinusa mlangoni akarudi nyuma hatua mbili. Kwa muda wa mwezi mzima alisema mashine ikimpa jibu inampa na harufu.

Lakini mpeni kitu kipya chenye vibonye, mtamwona mtu mwingine. Alinunua saa ya mkononi yenye kikokotoo kwa baharia mmoja, vibonye vidogo hata alivibonyeza kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Akanionyesha inavyojumlisha, inavyogawanya, uso wake umekunjuka kama wa mtoto wa Idi. Kisha tukaenda kununua mahamri na nikamwona anahesabu chenji kwa vidole. Nikamuuliza saa ni ya nini. Akaniambia ile ni ya kutazama.

Baadaye alipata kompyuta ndogo ya nyumbani, ya kuunganisha na televisheni, ambayo programu zake zilisomwa kutoka kwenye kaseti za kawaida. Majirani walikuja kuiona wakajaza sebule. Alikuwa ameitungia mchezo wa bao, akautia kwenye kaseti, akaibonyeza mashine isome. Wakangoja dakika tano. Kilichotoka ni nyimbo za harusi ya dada wa mkewe, maana mkewe aliiona kaseti haina jina akarekodia. Alinisimulia mwenyewe Jumatatu, wala hakucheka. Alisema jambo lililomuuma si mchezo kupotea, ila wageni walizipenda zile nyimbo.

Alikuwa na ukinzani mwingi wa namna hiyo. Aliandika programu ya kutoa nyakati za swala za mwaka mzima, akaichapa, akaupelekea msikiti wa kwao, wakaibandika ukutani. Naye mwenyewe nilimwona mara nyingi akitoka nje kutazama kivuli cha nguzo ya getini kabla ya kwenda kutawadha. Simu alikuwa haipendi. Ikilia alikuwa akiniashiria niipokee mimi.

Jambo moja ambalo halikuwa na ukinzani ni kwamba alikuwa hasemi uongo, na zaidi ya kusema, hauandiki. Mdomo unaweza kunyamaza, kunyamaza alikuwa fundi. Lakini akiandika kitu, ni hicho. Meneja wa zamani aliwahi kumtaka aandike kwenye ripoti kwamba mashine ilikuwa mbovu siku ambayo haikuwa mbovu, ili kumwokoa bwana fulani. Mwalimu alikataa kwa upole kabisa. Alisema akizoea kuandika lisilo kweli kwenye karatasi, atakuja kuliandika kwenye programu, na mle ndani hamna wa kumsitiri. Yule bwana akapewa onyo, na alikaa karibu mwaka hamsalimii Mwalimu.

Kutokana na yeye ndiyo tulipata desturi yetu ya karatasi. Printa ile ilikuwa inatafuna karatasi ndefu zilizounganika, zenye matundu pembeni na mistari ya kijani, na kila alipobadilisha programu alichapa upya yote. Zilizopitwa na wakati alizitupa chini ya meza yake. Akatutangazia tangu mwanzo kwamba karatasi ya juu ya meza ni yake, na ya chini ya meza ni ya watu. Bi Mwanaisha, aliyeuza bajia na viazi karai getini, alikuja kila Ijumaa kuchukua za kufungia. Nami nilichukua za kutia majalada madaftari ya wanangu. Zilikuwa imara na nyuma nyeupe pe, unaandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito likasomeka. Tuliwahi kumwona Mwalimu amesimama barabarani, bajia mkononi, anasoma karatasi yenye mafuta. Alisema mstari ule alikuwa akiutafuta.

Nimezunguka sana. Ukweli ni kwamba kila nikimkumbuka Mwalimu nafika hapa, na kila mara najaribu kuchelewa kufika.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni ilijenga godauni la kumi, njia ya Miritini. Hapo Mwalimu akakwama. Kumbe wakati anaiandika programu aliuliza magodauni yatazidi tisa, akaapiwa hayatazidi, akayawekea nafasi ya tarakimu moja. Kumi haliingii. Programu yenyewe ilikuwa inaendelea kufanya kazi mle mashineni, lakini kuibadilisha kulihitaji yale maandishi yake ya mwanzo, mistari yote kama alivyoiandika. Akafungua kabati la diski. Unyevu wa pwani ulikuwa umemtangulia. Diski zote zilikuwa na ukungu mweupe, na za akiba vilevile.

Kikabaki kitu kimoja: bunda la karatasi alilolichapa zamani, kurasa mia na arobaini, lililokuwa juu ya meza yake. Tukakubaliana kwamba Jumatatu nianze kulipiga chapa upya, mimi mwenyewe, kurasa zote. Alhamisi ile mashine ya baridi ikaanza kuvuja maji juu ya meza. Mwalimu akalitoa bunda lake, akaligeuza uso chini wino usilowe, akaliweka chini ya meza.

Yeye mwenyewe. Kwa mkono wake.

Ijumaa alikwenda kuswali. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa, nina watoto watatu, na baba yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Niliinama chini ya meza, nikachukua kurasa kumi za juu bila hata kuzigeuza, nikazitia mkobani. Baada yangu alikuja Bi Mwanaisha akachukua zilizobaki. Jioni ile nilikata, nikakunja, nikagundisha, nikaandika majina. Upande wa maandishi uliingia ndani. Sikuusoma, maana mtu mwenye kusoma fomu siku nzima hana mato ya kusoma tena nyumbani, kama alivyokuwa akisema Mwalimu, kwao macho ni mato.

Jumatatu nilimkuta amepiga magoti chini ya meza yake tupu.

Tulikwenda getini mbio. Bi Mwanaisha, Mungu amjazi, alikuwa ametumia chache tu, na zile alizozitumia zilikuwa za utangulizi ambao Mwalimu aliukumbuka. Zilizobaki alizitoa kwenye kikapu akazifuta unga kwa leso yake moja moja, huku analia. Tukazipanga sakafuni. Zikapungua kumi za mwisho, kuanzia mia na thelathini na moja, na humo ndimo programu ilimochagua godauni. Niliziangalia zile nambari zinavyokatika nikajua. Nilijua pale pale, nimesimama na sweta langu.

Meneja wakati huo alikuwa mpya, kijana kutoka bara, si mtu mbaya, naye alikuwa anabanwa na makao makuu. Akataka ripoti: kila ukurasa umepatikana wapi, kwa nani, Mwalimu aandike na kutia sahihi. Na aliyechukua karatasi za kampuni, alisema mbele yetu sote, aende zake nyumbani leo leo. Mwalimu alimweleza kwamba karatasi za chini ya meza ni ruhusa yake. Meneja akasema hajui ruhusa ya namna hiyo. Bi Mwanaisha hakuwa mfanyakazi, kwa hiyo hakuna alichoweza kumfanya. Nikabaki mimi, na mimi sikusema.

Nilikuwa na sababu, na nimezirudia miaka mingi hadi zimechakaa. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba. Kurasa zilikuwa na majina ya wanangu kwa wino usiofutika, nikizirudisha kisirisiri zitanitaja zenyewe. Na nilijipa moyo kwamba Mwalimu atakumbuka, mtu aliyeandika kitu kwa miaka miwili atashindwaje kukumbuka kurasa kumi? Hiyo ya mwisho ndiyo niliyolalia. Nilikuwa mwoga, basi.

Alijaribu kuzikumbuka. Wiki sita alikaa pale na penseli, kila siku amepungua kidogo. Na Jumamosi zote hizo hakuacha kufundisha hesabu bure kwenye baraza ya nyumba yake, watoto wa darasa la nane wa mtaani, na mwanangu mkubwa Zuhura akiwa miongoni mwao, kwa kuwa mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Jumamosi moja Zuhura alirudi amenuna. Alisema Mwalimu amemkosesha hesabu aliyoipata, ameirudia mara tatu na jibu ni lile lile. Nilimkemea. Nilimwambia Mwalimu hakosei, na kama anaona amekosea basi airudie mara ya nne.

Programu ikakamilishwa kwa kumbukumbu. Mashine ikakubali. Mwalimu hakuiamini, na alikuwa na haki, kwani wiki ya pili malori mawili ya chai yalipelekwa kwenye godauni la mbolea. Chai ile ikaharibika kwa harufu. Baada ya hapo makao makuu yakanunua programu iliyokwisha tengenezwa Nairobi, na kompyuta ndogo ndogo za mezani zikaja kwenye makasha, na Mwalimu akaambiwa apumzike mapema. Siku ya mwisho alilivua sweta mlangoni, akalitundika kwenye kitasa, akaondoka bila kulichukua. Lilikaa pale hadi mtu akalifanya tambara la kufutia madawati. Mimi nilibaki na kazi yangu, nikapiga chapa kwenye mashine mpya, nikilia chooni mara kwa mara.

Ripoti yake niliiona mara moja kwenye faili. Kila ukurasa uliandikwa ulikopatikana. Mbele ya zile kumi za mwisho aliacha nafasi nyeupe, hakuandika hata kwamba zimepotea. Nilidhani amechoka.

Miaka ikapita. Tulionana kwenye maziko na maharusi, shikamoo Mwalimu, marahaba Mama Zuhura, watoto hawajambo, yakaishia hapo. Zuhura alifaulu, akasoma, akawa anasomea ualimu. Mwisho wa miaka ya tisini tulikuwa tunahama nyumba, nikafungua sanduku, nikakuta daftari lake la hesabu la darasa la nane. Mengine yote ya wakati ule yalikwisha zamani. Hilo lilikuwa zima, jalada lake limebana kona zote nne. Nilikaa nalo siku tatu. Siku ya nne nikavaa buibui nikaenda.

Nilimkuta barazani kwake, redio imefunguliwa vipande mbele yake juu ya mkeka, kioo cha kukuzia mkononi kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumkataa. Alinikaribisha, akamwambia mkewe alete chai. Sikungoja chai. Nilimwekea daftari magotini, nikamwambia kwamba zile kurasa kumi nilizichukua mimi, na nilijua tangu asubuhi ile, na nilimwacha aondoke kazini kwa sababu ya woga wangu.

Hakulifungua. Alilipapasa kwa kiganja.

"Hiki nalikiona," alisema.

Sikuelewa. Nikamuuliza alikiona lini.

"Siku zile zile. Mtoto kanipa nisahihishe. Nikafunua, nikaona kipande cha karatasi kilichokunjwa kwa ndani, na nambari yake. Mia na thelathini na saba."

"Ukanyamaza, Mwalimu?"

"Ningefanyaje, Mama Zuhura? Ningetizama, ningenakili. Ningenakili, yule kijana angeniuliza nimeipata wapi, na ningeandika. Wanijua siwezi kuandika lingine. Basi sikutizama. Nalisahihisha hesabu, nikamrejeshea mtoto kitabu chake."

Nilikuwa nimekuja na samahani yangu tayari, nimeipanga njiani, na sasa haikutosha kwa lolote. Miaka yote nilidhani kosa langu ni siri yangu, na kumbe yeye ndiye aliyelibeba, pamoja na programu yake ya miaka miwili. Nililia mbele ya mkewe aliyekuwa anaingia na sinia. Mwalimu aliniacha nilie. Hakuniambia nisilie wala hakuniambia ni makosa yangu.

Baadaye, nadhani kwa kutafuta la kufanya na mikono, alilifungua daftari, akaanza kuzipitia hesabu za Zuhura kwa kile kioo, ukurasa kwa ukurasa, kama alivyokuwa akitafuta nukta. Alama za vema za wino mwekundu zilikuwa zimejaa. Kwenye ukurasa mmoja akasimama. Akaurudia kwa kidole, midomo yake ikihesabu, kisha akahesabu tena kwa vidole vya mkono wa pili. Pale palikuwa na alama ya kosa, na chini yake Zuhura alikuwa ameirudia ile hesabu mara nne, jibu ni lile lile.

"Siku ile ndiyo hino," alisema. "Mato yalikuwa hapa, moyo hauko."

Akaomba kalamu. Mkewe akampa ya buluu, ndiyo iliyokuwepo. Akaikata ile alama nyekundu, akaweka vema kando yake, kisha akanirudishia daftari pamoja na jalada lake.

"Mwambie Zuhura alikuwa sawa," alisema. "Mwambie mimi ndiye niliyekosea."